Rimu imepinda: inyooshwe au ununue nyingine? Mwongozo kamili kwa madereva wa Mtwara na Lindi

Mpelekee fundi pancha yeyote rimu iliyopinda, umuulize kama inanyooka. Jibu unalijua: "Inanyooka, mjomba, weka hapo." Na wala hadanganyi. Nyundo nzito na kipande cha gogo vinanyoosha karibu kila rimu. Kinachobaki ni kujua kama itakaa imenyooka ukiwa na watu sita ndani ya gari, mwendo wa 90, kati ya Nangurukuru na Somanga, usiku. Hilo nyundo haikujibu. Linajibiwa na mambo mawili: rimu imetengenezwa kwa madini gani, na imeumia sehemu gani. Bei inakuja ya tatu, ingawa wengi wetu ndiyo tunaanza nayo.

Kusini rimu zinaumia kwa njia zake. Barabara ya Dar es Salaam ni lami, lakini baada ya mvua za Kimbunga Hidaya, Mei 2024, ilikatika Somanga na maeneo jirani, na magari yakapita kwenye michepuko ya mawe na kifusi. Upande wa Masasi kuna malori ya makaa ya mawe yanayotoka Ruvuma kuja bandarini Mtwara, na yanapopita lami hutitia. Msimu wa korosho ukifika, malori yanaongezeka. Anayepanda Newala au anayeingia Liwale anajua habari ya mawe na vumbi bila kuambiwa. Halafu ipo chumvi ya bahari, ambayo haina kishindo, na nitairudia mbele kwa sababu watu wengi hawaihesabu kabisa.

Pale pale barabarani

Umesikia kishindo, usukani umeanza kutetema. Punguza mwendo taratibu bila kukanyaga breki kwa nguvu, toka nje ya lami mahali panapoonekana, weka pembetatu nyuma. Usiendelee kwa sababu tu tairi bado lina upepo. Shuka uangalie ubavu wa tairi kama umetoa uvimbe, uangalie mdomo wa rimu, usikilize kama kuna upepo unaovuja. Tairi likiwa limeisha upepo, usijiambie "nisogee tu hadi pale kwenye nyumba". Mita chache juu ya tairi bapa zinatosha kulimaliza tairi na kuila rimu ambayo pengine ilikuwa nzima.

Ardhi ya pwani ni mchanga, na jeki huzama. Beba kipande cha ubao kigumu cha kuweka chini yake. Kisipokuwepo siku hiyo, utakitafuta porini kwa tochi ya simu. Na kama spea yako ni ile nyembamba ya dharura, soma maandishi yaliyo juu yake: nyingi ukomo wake ni kilomita 80 kwa saa. Ni ya kukufikisha kwa fundi, si ya kukufikisha Mbagala.

Hatua ya 1: Ijue rimu yako ni ya nini

Chukua sumaku, hata ile ya spika ya redio mbovu, ibandike kwenye rimu. Ikishika, rimu ni ya chuma. Isiposhika, ni ya aloi ya aluminiamu, zile tunazoziita za sporti. Usiende kwa macho, maana kuna rimu za chuma zilizopakwa rangi ya fedha na kufunikwa wilikapu zikadanganya hata wenyewe.

Tofauti hii ndiyo inaamua karibu kila kitu. Chuma ni kivumilivu: kikigongwa hupinda, kikirudishwa hurudi, na kwa kawaida huonyesha jeraha lake waziwazi. Aloi hupinda kidogo, halafu hupasuka. Tena uimara wake hautokani na madini peke yake. Kiwandani rimu nyingi za aloi hupashwa kwenye tanuri hadi joto kali, hupozwa ghafla, kisha huwekwa tena kwenye joto dogo kwa saa kadhaa ili zikakamae. Ukija na mtungi wa gesi ukaichoma hadi ilegee ndipo uigonge, unaifuta kazi yote ile. Itanyooka vizuri, itang'aa ikipakwa rangi, na mahali ulipochoma patakuwa laini kuliko palivyotoka kiwandani.

Tatizo jingine la aluminiamu kwenye moto ni kwamba haibadiliki rangi. Chuma kikipata moto huwa chekundu, fundi anakiona na anajua afike wapi. Aluminiamu hukaa na rangi yake ile ile karibu hadi inayeyuka. Kwa hiyo anayekuambia "naipasha kidogo tu" bila kifaa cha kupimia joto hajui ni kidogo kiasi gani. Anabahatisha, na wa kuilipia bahati nasibu hiyo ni wewe.

Hatua ya 2: Ivue, ioshe, iangalie kwa ndani

Hakuna uamuzi wa maana unaofanywa rimu ikiwa kwenye gari. Ivue. Ioshe kwa sabuni na brashi pande zote mbili, hasa upande wa ndani unaotazama shokapu, ambako vumbi la breki na tope la barabara ya Newala huganda kama saruji. Mdomo wa ndani ndio unaopinda zaidi kwa sababu hauna spoki za kuushikilia karibu. Magari mengi yanayotetema huku rimu "haina kitu" yana mdomo wa ndani uliobonyea, na mwenye gari hajawahi kuuona.

Ikiwezekana mwambie fundi alitoe tairi kabisa. Utahitaji kuona sehemu ambayo tairi linakalia.

Hatua ya 3: Pima inavyoyumba

Hapa huhitaji mashine. Unahitaji jeki, kitu imara cha kuegeshea gari, tofali, waya mgumu, na kadi ya benki.

Ifunge rimu kwenye ekseli isiyovutwa na injini, kwa sababu huko inazunguka kwa uhuru. IST ya kawaida huvuta kwa mbele, basi ifunge nyuma. Hiace huvuta kwa nyuma, ifunge mbele. Zuia magurudumu yaliyobaki chini kwa mawe, inua, weka stendi au magogo chini ya gari. Jeki peke yake usiiamini. Ukifunga nyuma, shusha breki ya mkono baada ya kuhakikisha gari haliendi popote.

Simamisha tofali karibu na rimu, funga waya juu yake, ncha ielekee mdomo wa rimu. Zungusha rimu polepole kwa mkono ukisogeza waya hadi uguse mahali palipotokeza zaidi, kidogo tu. Sasa endelea kuzungusha na utazame nafasi kati ya ncha na mdomo inavyofunguka na kufunga. Fanya mara mbili: kwanza waya ukielekea ubavu wa mdomo, kujua inavyoyumba kulia na kushoto, pili ukielekea ukingo kutoka juu, kujua inavyopanda na kushuka. Rudia yote kwa mdomo wa ndani.

Kadi ya benki, pale isipo na herufi zilizovimba, ina unene wa milimita 0.76. Pale nafasi ilipo kubwa zaidi, ingiza kadi. Moja ikipita kwa shida, rimu yako iko sawa, kutetema kunatoka kwingine. Watengenezaji wengi huweka ukomo karibu na milimita 1. Kadi mbili zikipita pamoja, ni milimita 1.5, na hiyo utaisikia kwenye usukani. Nne zikipita, ni milimita 3, na hakuna balansi itakayoiponya. Vile vipande vya risasi wanavyobandika hurekebisha uzito, havirekebishi umbo.

Kabla ya kuilaumu rimu, funga nyingine unayoijua ni nzima mahali pale pale na uipime. Nayo ikiyumba, kilichopinda ni habu, ile sehemu ya ekseli inayofungiwa rimu, au beringi imechoka, na ungekuwa umenunua rimu bure.

Na dalili za barabarani zinasaidia kujua uanzie wapi: mtetemo wa usukani kwenye mwendo wa 80 hadi 100 mara nyingi ni magurudumu ya mbele, ukiusikia kwenye kiti, tazama ya nyuma.

Hatua ya 4: Tafuta ufa kwa mafuta ya taa na chaki

Ufa ndio unaoua. Na ufa mchanga wa aloi hauonekani kwa macho, hasa chini ya rangi.

Njia hii ni ya zamani na wachomeleaji wa matangi wanaijua. Kausha rimu iliyooshwa. Pale unapopashuku, kwangua rangi kwa msasa hadi madini yaonekane, kwa sababu rangi huziba ufa ikakudanganya. Saga chaki ya shule, ichanganye na maji iwe uji mwepesi, paka upande mmoja wa rimu, acha ikauke iwe nyeupe. Upande wa pili paka mafuta ya taa kwa brashi, uyarudie kila yanapokauka, kwa muda wa nusu saa hivi. Mafuta ya taa hupenya mahali ambapo hata maji hayapiti. Kama kuna ufa uliotoboka, utaona kwenye weupe wa chaki mstari mwembamba wa unyevu ukijichora wenyewe, mara nyingi ukianzia kwenye mdomo na kuingia ndani.

Ufa ambao haujatoboka upande wa pili hujaribiwa upande huo huo: paka mafuta ya taa, subiri, futa hadi pakauke, kisha paka chaki. Mafuta yaliyobaki ndani ya ufa yatatoka yenyewe.

Pakae mbali na moto, na ukimaliza osha rimu kwa sabuni vizuri, kwa sababu mafuta ya taa na mpira wa tairi si marafiki.

Wapo wanaogonga rimu kwa mpini wa nyundo na kusikiliza mlio: nzima hulia kengele, iliyopasuka hutoa sauti ya kukwaruza. Ifanye, haina gharama. Lakini mlio mzuri usikufanye uruke chaki.

Hatua ya 5: Imeumia wapi?

Hapa ndipo uamuzi unapopatikana, na sina upole nao.

Ufa, au mpindo wa aina yoyote, kwenye kitovu cha rimu, karibu na mashimo ya nati, au kwenye spoki: tupa. Iwe chuma, iwe aloi, iwe imenunuliwa jana. Sehemu hizo zinabeba gari lote, zinabeba breki, zinabeba kona. Fundi anayekubali kuchomelea spoki hafai kugusa gari lako hata kwa pancha. Mashimo ya nati yaliyotanuka yakawa na umbo la yai nayo yako kundi hili. Yalitanuka kwa sababu gari lilitembea na nati zilizolegea, na nati hazitakaa tena.

Mdomo wa rimu ya chuma uliobonyea bila ufa: nyoosha, bila wasiwasi mkubwa. Hili ndilo jeraha ambalo fundi wa mtaani analiweza kweli.

Mdomo wa aloi uliobonyea: pima kina. Mbonyeo mdogo uliosambaa hunyooka kwa mashine ya kusukuma polepole. Ukiwa na kina kinachozidi upana wa kidole, au ukiwa umekunjika kwa kona kali badala ya kupinda kwa upole, mimi nanunua nyingine. Madini yaliyokunjwa na kurudishwa tayari yana uchovu, na ufa utaanzia hapo.

Ufa kwenye mdomo au kwenye mwili wa aloi, ile sehemu ya mviringo inayozungukwa na tairi: hapa watu wanabishana. Wapo wanaochomelea kwa mashine ya gesi ya argoni, wakasawazisha, na gari likatembea. Watengenezaji wengi wa magari hawakubali aloi iliyochomelewa wala kupashwa moto, na sababu ni ile ya tanuri niliyoieleza: kando ya mshono kuna ukanda uliolegea, na ufa wa pili hupita hapo pembeni. Gari la kuzunguka Mtwara mjini, Shangani na Bima, mwendo wa 40, labda. Gari la kwenda Dar es Salaam, hapana, na mbele kamwe.

Mikwaruzo ya ukingo wa barabara ambayo haikubonyeza kitu ni urembo tu. Msasa, rangi, basi.

Na sasa chumvi. Magari yanayolala Mikindani, Shangani, au Lindi mjini karibu na bahari huliwa na kutu pale tairi linapokalia rimu. Dalili yake ni upepo unaopungua polepole, unajaza leo, wiki ijayo limeshuka, na hakuna msumari. Paka maji ya sabuni pale tairi linapokutana na rimu, utaona povu. Kwenye aloi utakuta unga mweupe; kwenye chuma utakuta maganda. Hii hutengenezeka vizuri: toa tairi, sugua kwa brashi ya waya na msasa hadi pawe laini, osha, paka rangi ya kuzuia kutu safu nyembamba, rudisha. Isipokuwa kama chuma kimeliwa kikawa na visima vinavyonasa ukucha, au kutu imeingia kwenye ule mshono unaounganisha sahani ya katikati na mwili wa rimu. Ichokonoe kwa bisibisi. Ikimeguka, kazi imekwisha.

Hatua ya 6: Kumsimamia fundi

Ukiamua inyooshwe, usiiache ukaenda kunywa chai. Kaa hapo.

Rimu ya chuma inyooshwe baridi, kidogo kidogo, ikiwa imelazwa juu ya kitu kigumu, na kipande cha mbao kati ya nyundo na mdomo ili nyundo isiache makovu. Baada ya mapigo machache izungushwe na kupimwa. Anayepiga mfululizo dakika kumi bila kupima anatengeneza umbo la macho yake.

Kwa aloi muulize anatumia mashine gani na anapima joto kwa nini. Akiwa na jibu, sawa. Akiwa na nyundo na mtungi wa gesi tu, mshukuru uondoke. Ukimkosa mwenye mashine karibu, rimu hutumwa Dar es Salaam kama mzigo kwenye basi na kurudi hivyo hivyo. Iandike jina na namba yako kwa rangi upande wa ndani, kwa sababu karatasi hubanduka.

Jambo moja lisilo na mjadala: moto usiguse rimu yenye tairi. Hata kama upepo umetolewa. Mpira ukipata joto kali hutoa gesi ndani, presha hupanda, na tairi hulipuka kwa nguvu ya kuua. Wenye Fuso na malori yenye rimu za ringi ya kufungia waongeze hili: ringi iliyopinda au kuliwa na kutu hainyooshwi, inabadilishwa, na kujaza upepo kufanyike ndani ya kizimba cha chuma au angalau rimu ikiwa imefungwa minyororo, mtu akiwa amesimama pembeni, si mbele ya ringi.

Halafu kuna habari ya tyubu. Rimu inavuja, fundi anasema "tuweke tyubu tu, yaishe". Upepo utabaki ndani, ni kweli. Lakini tairi lililotengenezwa kutumika bila tyubu lina ndani yenye mikwaruzo inayosugua tyubu, joto linapanda, na tyubu ikitoboka upepo unatoka mara moja badala ya kuvuja taratibu. Zaidi ya hapo, rimu bado imepinda. Tyubu nakubali ikutoe Nachingwea ikufikishe Masasi. Si ya kuishi nayo.

Tairi lenyewe usilisahau. Shimo lililopinda rimu lilipita kwanza kwenye tairi. Uvimbe ubavuni maana yake nyuzi za ndani zimekatika; hakuna kiraka cha ubavuni, tupa. Likague na ndani pia, lizungushe kwa mkono ukipapasa.

Hatua ya 7: Hesabu

Gharama ya kunyoosha si ile anayoitaja fundi tu. Jumlisha usafiri wa kuituma, kutoa na kurudisha tairi, balansi, na siku ambazo gari limesimama. Kwa mfano tu: kunyoosha 30,000, basi kwenda na kurudi 20,000, balansi 10,000, jumla 60,000. Kama rimu nzima ya mtumba unaipata kwa 90,000, mimi nanunua. Kanuni yangu ni kwamba jumla ya kunyoosha ikivuka nusu ya bei ya nyingine iliyo nzima, sinyooshi. Kwa mwenye bajaji au daladala anayelala bila kula gari likisimama, ukomo huo ushuke zaidi.

Rimu ya chuma karibu kila mara hushinda kwa bei. Kuna wanaoona aibu kufunga tatu za sporti na moja ya chuma nyuma. Barabara haina habari.

Hatua ya 8: Ukinunua ya mtumba

Usiseme dukani "nataka rimu ya inchi 15" ukadhani umemaliza. Inchi ni mwanzo.

Idadi ya mashimo ya nati na duara lake, lile linalopita katikati ya mashimo yote: IST ya zamani ni mashimo 4 kwenye duara la milimita 100, Noah ni 5 kwenye 114.3; Hiace na Prado ni 6 kwenye 139.7. Mashimo 5 ya gari la Ulaya huweza kuwa kwenye 112, na kwa macho yanafanana na 114.3. Nati itaingia kwa kulazimishwa, na hapo stadi, ile boliti ya habu inayoshika nati, inapinda kabla hujatoka dukani.

Tundu la katikati lazima likae kwenye habu bila kucheza. Likiwa kubwa, tafuta pete ya kujazia. Kisha soma nyuma ya spoki: herufi ET na namba baada yake hueleza uso wa rimu unaokaa kwenye habu uko milimita ngapi kutoka katikati ya upana wa rimu. Ikitofautiana sana na yako, tairi litagusa shokapu au litatokeza nje ya bodi na kuisumbua beringi. Ekseli moja iwe na rimu za vipimo vinavyolingana.

Rimu za aloi zilizokuja na magari ya Japani mara nyingi zina alama JWL, na nyingine VIA, ambazo ni alama za viwango vya huko. Alama haisemi rimu haijagongwa, inasema tu ilizaliwa ikiwa sawa. Rimu isiyo na alama yoyote wala namba ya uzito inaoubeba, iache hapo.

Rangi mpya kabisa kwenye rimu ya mtumba ikutie shaka. Omba kuikwangua kidogo upande wa ndani. Muuzaji akikataa, umeshapata jibu.

Na nati! Hili hupuuzwa hadi gurudumu litoke. Aloi nyingi za Toyota zilizotoka kiwandani zinatumia nati zenye shingo ndefu na washa bapa. Rimu za chuma, na aloi nyingi za kununua baadaye, zinatumia nati zenye kichwa cha pembe kama koni. Ukiweka moja mahali pa nyingine itakaza, mkono utahisi imekaa, lakini inagusa sehemu ndogo sana na italegea njiani. Nati za Toyota nyingi ndogo ni milimita 12 kwa uzi wa 1.5 (nafasi kati ya uzi na uzi), Nissan nyingi ni 12 kwa 1.25. Zinafanana mkononi. Nati iingie kwa vidole bila spana na izunguke mara 7 au 8 kabla ya kukaza. Ikigoma mzunguko wa pili, ni uzi tofauti.

Hatua ya 9: Kufunga

Sugua uso wa habu kwa brashi ya waya. Kutu na mchanga kati ya habu na rimu huifanya nzima iyumbe kama iliyopinda. Usipake rangi nene pale rimu inapogusa habu wala chini ya nati; rangi hujikandamiza baada ya siku chache na nati zinabaki zimelegea.

Kaza kwa kuruka, moja kisha ya mkabala wake, kwa raundi mbili au tatu, gari likiwa limeshuka kidogo. Kipimo cha Toyota nyingi ndogo ni nyutoni-mita 103. Kama huna spana ya kupimia, hiyo ni kama kubonyeza kwa uzito wa kilo 42 kwenye ncha ya spana yenye mkono wa sentimita 25. Kuruka juu ya bomba la mita moja ni kukata stadi.

Fanya balansi. Kama kishindo kilikuwa kikubwa, kagua tairodi na boljointi, vile viungo vya usukani na gurudumu, ndipo ufanye alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu. Alaimenti juu ya boljointi iliyokufa ni hela ya kutupa. Kisha kaza nati tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Aliyetoka Mtwara mjini akifika Mnazi Mmoja, njia panda ya Masasi, yuko ndani ya kipimo hicho, na pana nafasi ya kuegesha.

Iliyobaki ni ile rimu uliyoikataa. Usimwachie fundi ikiwa nzima, maana itapakwa rangi na kurudi sokoni, na huenda ukaikuta kwenye gari la shemeji yako. Ikate spoki mbili kwa grenda kabla ya kuipeleka kwa wanunuzi wa chakavu. Aluminiamu wanaipima kwa kilo, iliyokatwa na isiyokatwa bei moja.